Wajibu wa Baba Katika Uzazi Salama



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa parishi yetu alitufuata chini ya mti nje ya kanisa. Yeye ni dereva wa bajaji hapa mjini, na mkewe ana mimba ya kwanza. Alitusalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akasema kwa furaha, "Mwalimu, mimi wajibu wangu nimekwisha utimiza. Juzi nilimsindikiza mama kliniki. Tulipimwa wote wawili, tukahudumiwa mapema kuliko waliokuja peke yao. Sasa nangoja mtoto tu."

Tulimpongeza, maana alistahili pongezi. Sisi wa rika letu hatukufanya hata hilo. Lakini tulimwuliza maswali matatu. La kwanza: mkeo anatazamiwa kujifungua lini? La pili: akianza kutokwa damu usiku nawe uko safarini, nani nyumbani atasema "Twende"? La tatu: fedha za siku hiyo ziko wapi, naye anaweza kuzifikia bila wewe? Kijana alinyamaza, akatazama chini. Akasema, "Hayo hatujayazungumza, Mwalimu."

Kwa sababu ya kunyamaza kwake tumeandika somo hili. Si yeye peke yake. Tunadhani katika nyumba nyingi za parishi yetu, kuanzia Mandewa hadi Misuna, maswali hayo matatu hayana majibu.

1. UFUNGUO ULIOKUWA MFUKONI

Hatuna haki ya kuwafundisha wengine kabla ya kusema yaliyotupata wenyewe. Tunayasimulia kwa idhini ya mama watoto, ambaye alisema, "Waambie. Labda yupo atakayesikia."

Ilikuwa mwaka 1986. Tulikuwa mwalimu kijana, tumetoka Chuo cha Ualimu miaka michache nyuma yake, tukifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Mama watoto alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na ilibaki kama mwezi mmoja kujifungua. Tukaitwa mjini kwa semina ya siku tano. Kabla ya kuondoka tulifanya yote tuliyodhani ni ya mume mwema. Tulinunua sukari, tukapasua kuni, tukamwomba mama yetu mzazi aje akae naye. Fedha za mshahara tukazifungia katika sanduku la bati, na ufunguo tukautia mfukoni. Hatukuwa na nia mbaya. Ndivyo tulivyozoea, na ndivyo baba zetu walivyozoea.

Usiku wa tatu damu ilianza kutoka. Mama yetu aliona mara moja kwamba si jambo la kawaida. Jirani mwenye gari la ng'ombe alikuwa tayari kuwafunga ng'ombe wake. Lakini baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba kwa siku hizo, alisema hawezi kumtoa mke wa mtu usiku bila neno la mwenyewe. Tena akauliza: wakifika huko, watatumia fedha gani? Wote walijua fedha ziko wapi. Hakuna aliyethubutu kuvunja sanduku la mwalimu. Wakakubaliana wangoje kupambazuke, kijana mmoja apande baiskeli aje kututafuta mjini.

Asubuhi akina mama wa kijiji walichoka kungoja, wakampakia garini wenyewe. Sisi tulifika jioni. Mama watoto alipona, kwa rehema za Mungu na kwa kazi ya wauguzi. Mtoto wetu, msichana, hakupona.

Miaka mingi tulisema kwamba ni mapenzi ya Mungu, na watu walitufariji kwa maneno hayo hayo. Lakini tulipozeeka tulianza kujiuliza kwa unyofu. Gari la ng'ombe lilikuwapo. Fedha zilikuwapo. Watu wenye kumpenda walikuwapo. Kilichokosekana ni neno moja, ambalo tungaliweza kulisema kabla ya kuondoka, na ufunguo mmoja, ambao tungaliweza kuuacha. Tangu siku hiyo tunaamini kwamba wajibu wa kwanza wa baba ni kuhakikisha kwamba kutokuwapo kwake hakumzuii mama kupata msaada. Kumsindikiza kliniki ni jambo jema, lakini linakuja nyuma ya hilo.

2. UCHELEWAJI WA NAMNA TATU

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika uchunguzi ambao hadi leo hufundishwa katika vyuo vya uuguzi na utabibu. Walieleza kwamba mama mwenye matatizo ya uzazi hukutana na ucheleweshaji wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa nyumbani, yaani kuchelewa kutambua hatari na kuamua kwenda. Wa pili ni wa njiani, yaani kuchelewa kufika kwa sababu ya umbali, ubovu wa barabara au kukosa chombo. Wa tatu ni wa kituoni, yaani kuchelewa kupata huduma ifaayo baada ya kufika, kwa mfano kukosa damu, dawa au mtaalamu.

Sisi tunapokutana kuzungumza mambo ya afya, mara nyingi tunaanza na ule wa tatu. Tunasema wauguzi wachache, vitanda vichache, dawa hazitoshi. Ni haki yetu kuyasema hayo mbele ya viongozi, nao hawana budi kuyasikia. Lakini ucheleweshaji wa kwanza hauhitaji bajeti ya serikali. Uko mezani petu, na mara nyingi uko katika kinywa cha baba.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 35, tunasoma habari za Raheli, aliyefariki njiani karibu na Efrathi alipokuwa akimzaa Benyamini. Mumewe Yakobo alikuwa pale pale. Wala hatuwezi kusema hakumpenda, maana alimtumikia Labani miaka mingi kwa ajili yake. Upendo ulikuwapo na mume alikuwapo, lakini Raheli alikufa, kwa kuwa katika siku zile hapakuwa na msaada mwingine njiani ila mkunga mmoja. Sisi tuna hospitali, tuna damu ya akiba, tuna simu mkononi. Mke akifa leo kwa sababu mumewe hakupatikana kwenye simu, hatuna udhuru aliokuwa nao Yakobo.

3. HALI YA NCHI YETU

Ni vema tujue tulipofika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria kwamba wanawake 556 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika muda huo huo, akina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka 63 kati ya 100 hadi 81 kati ya 100. Hayo ni maendeleo makubwa, nasi tunamshukuru Mungu na wote waliotenda kazi.

Lakini tazameni hesabu ya pili. Watoto wachanga waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 kwa kila 1,000 katika utafiti wa kwanza. Katika utafiti wa pili walikuwa 24. Mama ameanza kupona, lakini mtoto mchanga amebaki karibu pale pale alipokuwa. Na mtoto mchanga, baada ya siku moja au mbili za kituoni, anarudi wapi? Anarudi nyumbani kwa baba yake.

4. KWA NINI BABA AENDE KLINIKI

Wazee wetu walifundishwa kwamba mambo ya uzazi ni ya wanawake. Mwanamume aliyesogea karibu na nyumba ya mzazi alionekana hana adabu. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake, kwa kuwa ilimpa mama faragha na kumweka chini ya uangalizi wa wanawake wenye ujuzi. Lakini ilimfanya mtu mwenye kushika fedha na uamuzi kuwa ndiye asiyejua lolote. Hapo ndipo ilipo hasara.

Baba akienda kliniki, na aende akijua analolifuata. Yapo mambo ambayo hayawezi kukamilika bila yeye. Mathalani, kaswende. Mama akipimwa na kutibiwa, na baba asitibiwe, mama ataambukizwa tena, na mtoto aliye tumboni yumo hatarini. Hali kadhalika virusi vya UKIMWI. Wakipimwa pamoja na kupewa majibu pamoja, mama hatalazimika kuficha vidonge vyake chini ya unga, na mtoto ataweza kukingwa asiambukizwe. Tunajua kwamba wengine wetu hatuendi kliniki kwa sababu tunaogopa kipimo hicho. Basi tuseme wazi: hofu yetu haimkingi mtoto.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa jirani zetu wa mkoa wa Dodoma, ambako wanaume zaidi ya 900 walihojiwa. Zaidi ya nusu walisema wamewasindikiza wake zao kliniki angalau mara moja. Lakini waliopata nafasi ya kuzungumza na mhudumu juu ya afya ya mke hawakufika robo. Maana yake ni nini? Wengi walifika, wakakaa kwenye benchi, wakarudi. Mwanafunzi aliyefika shuleni akakaa nje ya darasa hatuwezi kusema amesoma.

Kwa hiyo, ndugu, ukifika uliza. Tarehe ya kutazamia ni ipi? Shinikizo la damu la mama likoje? Damu yake inatosha? Je, mwili wake una jambo lolote linalomlazimu kujifungulia hospitali kubwa na si zahanati? Mahudhurio yanayofuata ni lini? Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mama aonwe na wahudumu angalau mara 8 katika mimba moja, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kupita. Baba asiyeweza kwenda mara zote 8 aende angalau mara moja kwa kuuliza, na mara nyingine zote asome kadi ya kliniki mama anaporudi. Kadi ile haikuandikwa kwa ajili ya kuwekwa chini ya godoro.

5. TUSIUGEUZE WAJIBU KUWA KIFUNGO

Hapa tunaomba wasomaji watusikilize kwa makini, hasa wazee wa kanisa na viongozi wa mitaa.

Katika sehemu mbalimbali za nchi, ili kuwavuta wanaume, iliwekwa kanuni kwamba mama anayekuja bila mume hahudumiwi mpaka alete barua ya kiongozi, au anahudumiwa mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kusini mwa Tanzania, uliyachunguza mambo hayo na kuonyesha kwamba akina mama wasio na waume wa kuwaleta ndio waliobeba adhabu. Nia ilikuwa njema, lakini adhabu ilimwangukia asiye na kosa.

Tufikiri. Mjane mwenye mimba atamleta nani? Msichana aliyekimbiwa na aliyempa mimba atamleta nani? Na yule ambaye mumewe yuko machimboni Sambaru au Londoni, au amekwenda na lori la vitunguu Dar es Salaam, je, asipimwe damu mpaka mume arudi? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza wanaume washirikishwe katika afya ya mama na mtoto, liliweka sharti: iwe kwa namna inayoheshimu uchaguzi wa mwanamke na uhuru wake wa kuamua. Mume anaingia kliniki kama msaidizi wa mkewe. Haingii kama mlinzi wake, wala kama msemaji wake.

Tena tusilifiche jambo hili. Yapo majumba ambamo mwenye mimba hupigwa. Mtu anayempiga mkewe, hata akimsindikiza kliniki mara 8, hajashiriki katika uzazi salama. Mama wa namna hiyo ana haki ya kuzungumza na muuguzi peke yake, na sisi wa kanisa tuna wajibu wa kumsikiliza.

6. MAANDALIZI YA NYUMBA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Mambo haya yafanyike kabla mimba haijafika miezi 7, maana mtoto anaweza kutangulia tarehe yake.

(a) Ruhusa iliyotolewa mapema. Baba na aseme mbele ya mama mkwe, shemeji na jirani mmoja mwaminifu: "Ikionekana dalili yoyote ya hatari, ondokeni mara moja. Msiningoje mimi, wala msingoje simu yangu." Maneno haya hayagharimu hata senti moja. Sisi tungaliyasema mwaka 1986, binti yetu huenda angekuwa mama wa watoto leo.

(b) Fedha. Ziwekwe kidogo kidogo, kila juma, mahali ambapo mama anapajua na anaweza kuzifikia. Ikiwa ziko katika simu, namba ya siri iwe kwake pia. Huduma za uzazi katika vituo vya serikali zina msamaha wa malipo, lakini nauli, chakula na vifaa vidogo vidogo vinahitaji fedha.

(c) Usafiri. Chagueni dereva wa bajaji au wa gari, naye aambiwe mapema, na namba yake iandikwe ukutani. Pia kila mtu nyumbani, hata mtoto wa darasa la nne, aijue namba 115. Hiyo ni namba ya bure ya mpango wa m-mama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa mjini Dodoma mwezi Aprili 2022. Ukipiga unaeleza hali ya mama au ya mtoto mchanga, naye mpokeaji hutafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa na mpango wenyewe, si na familia.

(d) Damu. Kutokwa damu nyingi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama nchini. Mama anayetokwa damu baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa chache. Damu haitengenezwi kiwandani, hutoka kwa watu. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Akina baba wa parishi wakienda kuchangia kwa zamu, watakuwa wamewasaidia hata akina mama wasiowajua.

(e) Vifaa. Khanga au vitenge safi, nguo na kofia ya mtoto, beseni, sabuni, na vingine vitakavyotajwa kliniki. Viwe katika mfuko mmoja, pamoja na kadi.

(f) Watakaobaki. Nani atawatunza watoto wengine? Nani atachunga, nani atafungulia kuku? Mama wengi hukawia kuondoka kwa sababu hawana wa kumwachia nyumba.

Pamoja na hayo, kuna chakula na kazi. Kuku wa Singida ni maarufu hata Dar es Salaam, nao husafiri kwa basi kila siku. Lakini je, mama mwenye mimba wa nyumba hii amekula yai lini? Ugali wa uwele na mlenda ni chakula chema, ila mwili unaojenga mwili mwingine unahitaji pia mayai, maharage, nyama na matunda. Vidonge vya kuongeza damu avimeze kama alivyoagizwa, na alale ndani ya chandarua. Na msimu wa kuvuna alizeti ukiangukia miezi yake ya mwisho, ndoo za maji na mizigo ya kuni ibebwe na mikono mingine. Mikono ya baba ni mikono pia.

7. DALILI ZA HATARI

Tunaomba ukurasa huu ukatwe na kubandikwa ukutani.

Wakati wa mimba, mpelekeni mama mara moja mkiona: kutokwa damu ukeni, kuumwa sana kichwa au kuona ukungu machoni, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, kupasuka chupa kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Wakati wa kujifungua na baada yake: uchungu unaopita saa 12; kutokwa damu nyingi; kondo la nyuma kutotoka ndani ya nusu saa; kizunguzungu au kuzimia; homa; uchafu wenye harufu mbaya.

Kwa mtoto mchanga: kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida au kwa haraka sana, mwili kuwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, degedege, kulegea, macho na ngozi kuwa vya manjano, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha.

Usiseme, "Tungoje tuone." Mtoto mchanga hana akiba ya nguvu. Aliyekataa kunyonya asubuhi anaweza asiwepo jioni.

8. SIKU ZA KWANZA

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 3, ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wengi hawaiombi, na wengine huitumia kupokea pongezi. Itumieni kwa kazi hii.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, na kwa miezi 6 apate maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Baba alilinde jambo hilo pale bibi wa mtoto, kwa upendo wake, atakapoleta kijiko cha maji. Aseme kwa adabu, "Mama, tumeagizwa hivi." Mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite, wala kitovu kisipakwe kitu ambacho mhudumu hakukiagiza. Hapa kwetu upepo wa usiku ni mkali katika miezi ya Juni na Julai, kwa hiyo afunikwe vema, na kichwa pia.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hukaa vema akibebwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii, iitwayo kangaruu, ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na sasa hutumika hata hapa nchini. Kifua cha baba kinafaa kwa kazi hiyo sawasawa na cha mama. Mama anapolala kidogo, baba ambebe.

Mama naye arudi kuonwa na wahudumu katika juma la kwanza, katika juma la pili na katika juma la sita, hata kama anajiona mzima. Na wazazi wote wawili wazungumze na mhudumu juu ya kupanga uzazi, maana inashauriwa ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine.

9. TUFANYE NINI KATIKA PARISHI

Tunapendekeza mambo mawili tu, ili yatendeke.

Kwanza, akina mama wa Umoja wamekuwa wakiwatembelea wenye mimba kwa miaka mingi. Sasa wazee wawili wa kila mtaa wafuatane nao, wakazungumze na baba wa nyumba juu ya yale maandalizi sita. Na katika nyumba isiyo na baba, kanisa lenyewe litafute mtu wa kufanya yale ambayo baba angefanya: kutafuta dereva, kuweka akiba, na kukaa karibu na simu.

Pili, tunapofanya shukrani ya mama baada ya kuzaa, baba asisimame nje akizungumza na wenzake. Aje apige magoti pamoja na mama na mtoto. Atakayekuja siku ya kushukuru atakuwa amekumbushwa kuja siku ya hatari.

Injili ya Mathayo, katika sura ya pili, inatuambia kwamba Yusufu alipoonywa juu ya hatari, hakungoja asubuhi. Aliondoka usiku ule ule pamoja na mtoto na mama yake.

Yule kijana wa bajaji alirudi Jumapili iliyofuata. Alituonyesha karatasi iliyokunjwa mara nne. Palikuwa na tarehe ya kutazamia, namba ya rafiki yake mwenye gari, namba 115, na jina la shangazi atakayekaa na mama. Chini kabisa alikuwa ameandika: "Fedha ziko kwa mama mwenyewe." Tuliisoma tukashindwa kusema neno kwa muda. Kisha tukampa mkono.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA NYUMBA NA VIKUNDI

1. Katika nyumba yako, baba akiwa safarini, ni nani mwenye ruhusa ya kusema "Twende"? Je, mwenyewe anajua kwamba anayo?

2. Taja dalili tatu za hatari kwa mama mwenye mimba na tatu kwa mtoto mchanga, bila kutazama ukurasa.

3. Ni desturi zipi za wazee wetu kuhusu uzazi zinazomlinda mama, nasi tuzitunze? Ni zipi zinazomkawiza, nasi tuziache?

4. Katika mtaa wenu, ni mama gani mwenye mimba asiye na mume karibu? Nani atakwenda kwake juma hili?

Wenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Singida Mjini